Divai Iliyochacha Juu ya Kabati

Shemeji alipouza nyumba na kuhamia chumba cha kupanga chenye joto la bati, alimkabidhi fundi cherehani, mdogo wa marehemu mkewe, chupa kumi na mbili za divai. Ndiyo ya mwisho aliyoikamua na mkewe, kabla ugonjwa haujamwondolea yeye shemeji ladha yote mdomoni.

"Zilaze, vizibo visikauke," alimwagiza. "Ziwe gizani, pasipo joto. Tutazifungua binti yangu akiolewa."

Fundi alizilaza chini ya meza ya kukatia nguo. Zikatulia miezi minane. Kisha kazi ya sare za shule ikamzidi, marobota ya vitambaa yakataka nafasi pale chini, naye akazipandisha juu ya kabati, zimesimama wima, jirani na dirisha la jua la mchana. Wiki moja tu, alijiambia. Wiki ikazaa miaka miwili.

Siku ya harusi, shemeji alizifungua mwenyewe. Fundi alionja kidogo. Siki tupu. Wageni walikunja nyuso kwa siri na kusifu kwa sauti. Mmoja alimwaga glasi yake kwenye chungu cha maua. Shemeji alikunywa taratibu, akitabasamu.

"Imeiva?" alimuuliza fundi.

"Imeiva, shemeji."

Wageni walipoanza kuaga, fundi alimfuata shemeji jikoni, alikokuwa akisuuza glasi.

"Shemeji, nimekudanganya. Divai imechacha. Niliziweka chupa juani. Nilitaka nafasi ya vitambaa."

Shemeji hakugeuka. "Kizibo cha kwanza kilimeguka kama mkate mkavu. Na rangi ilikuwa ya chai. Ulimi ndio umekufa, shemeji. Macho ni mazima."

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Binti alikuwa ananitazama."

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kukausha. Heri angegomba, alifikiri, heri angemtolea maneno makali. Lakini shemeji alimpa glasi moja moja, kisha akauliza kama kuna chupa zilizobaki. Zilikuwa tatu.

"Nitaitia kwenye kachumbari," alisema, akacheka kidogo.

Fundi hakuweza kucheka naye. Alizifunga kwa gazeti, akamsindikiza nazo hadi garini. Na kwa miezi mingi baadaye, shemeji alipopiga simu kumjulia hali, fundi aliiacha iite mara tatu nne kabla hajapokea.