Kimya Kilichoitwa Shwari

Liz alisimama mlangoni mwa kanisa, kofia ya pikipiki kwapani, suruali imejaa vumbi, na hakuingia. Ndani waumini walikuwa katikati ya wimbo. Mzee Mokua alimwona tangu kivuli chake kilipoanguka sakafuni. Alimwona, akainua kitabu cha nyimbo kikamkinga uso, akaimba kwa nguvu zaidi, besi yake ikawameza hata wanakwaya.

Alijua msichana amekuja kwa nini. Au alidhani anajua. Na dhana ina tabia ya kuazima nguo za ujuzi na kutembea nazo mjini.

Mokua alikuwa mtunza mitambo wa Kituo cha Tahadhari, chumba cha ghorofani kilichotazama gati la Homa Bay. Kazi ya kituo ilikuwa moja: kupokea habari za upepo kutoka kwa watabiri na kuzituma kwenye simu za wavuvi, kuanzia Sindo hadi Muhuru Bay, kabla mashua hazijasukumwa majini. Kila kilichoingia na kila kilichotoka kilipita ndani ya sanduku jeusi, dogo kama Biblia ya mimbarini. Ndiyo faiawoli, ukuta wa kuwazuia wahuni wa mtandaoni. Liz, aliyekuwa akiandika na kutuma zile tahadhari, alilibatiza Soja, yaani askari, kwa kuwa halilali, halili, wala halicheki na mtu.

Wiki kadhaa nyuma, waliolitengeneza sanduku hilo walitoa onyo. Soja alikuwa na kasoro. Mtu yeyote, popote duniani, bila ufunguo wala neno la siri, angeweza kumtumia ujumbe uliopindwa kwa namna fulani, na Soja akijaribu kuusoma angezirai. Angeamka mwenyewe, ndiyo. Lakini akibishiwa hivyo tena na tena, angejifungia kwa ndani na kungoja mkono wa mwenye ufunguo, naye ni Mokua peke yake. Mwizi wa namna hiyo haingii wala habebi kitu. Anabisha hodi tu, anabisha, mpaka bawabu anaanguka. Na bawabu akianguka, huuangukia mlango, wa nje wasiingie na wa ndani wasitoke.

Dawa ilikuwepo, tena ya bure. Ilitaka kituo kizimwe kwa muda mfupi. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Siku za kazi hakuna aliyethubutu kuzima. Mkurugenzi, Bwana Orina, Mkatoliki wa magoti yenye sugu, alisema, "Fanya Jumamosi. Ofisi zote zinazotumia laini yetu zimefungwa."

"Jumamosi ni Sabato. Nitafanya Jumapili."

"Jumapili niko misa, na baada ya misa niko kwa mama, Migori. Na kituo hakizimwi nikiwa sipo."

"Basi nipe Jumapili moja tu, bwana."

"Wewe Msabato, huyo Mungu wako haelewi kompyuta?"

"Anaelewa. Wako naye hana misa ya alfajiri?"

Ofisi nzima ilicheka, na wao wenyewe wakacheka. Walikuwa wana wa Kisii wote wawili, walioshuka milimani kutafuta riziki ziwani, na utani ulikuwa ndio chumvi yao. Lakini chumvi ikirudiwa kila mlo hugeuka shubiri. Wiki iliyofuata walisema maneno yaleyale bila kucheka. Wiki iliyofuata hiyo hawakusema kitu. Kila mmoja alimngoja mwenzake alegee. Watu husema mafahali wakipigana nyasi huumia. Hawa hawakupigana. Walilala tu, kila mmoja upande wake wa zizi, na nyasi chini yao zikafa vilevile. Mungu mmoja, siku mbili, na katikati lango bovu.

Neno la mwisho lilikuwa la Orina. "Iko Jumamosi moja nitakutumia mtu akutoe humo kanisani."

Kwa hiyo Mokua alipomwona Liz mlangoni, moyo wake ulisema: ndiyo hiyo Jumamosi. Akaimba wimbo hadi kikomo. Mzee Zablon akaita maombi, na Mzee Zablon akishapiga magoti huwaombea hata wajukuu ambao hawajazaliwa. Mokua alifumba macho, akafumbua moja, akaiona miguu ya Liz ikihama kutoka kisigino hadi kidole, kama ya mtu anayekanyaga majivu ya moto. Kitu kitamu kikampanda kifuani. Alikiita imani. Kilikuwa na joto la imani, na hakukichunguza zaidi.

Baada ya "Amina" alitoka polepole, akipeana mikono na huyu, akimuuliza yule hali ya watoto.

"Mwambie Orina," alianza.

"Yawa, Mzee! Orina hata hajui!" Liz alikuwa karibu kulia. "Soja ameanguka. Tangu asubuhi anaanguka, anaamka, anaanguka, anaamka. Sasa haamki tena. Ni taa nyekundu tu. Na kuna upepo unakuja."

"Upepo gani?"

"Mkubwa. Watabiri walituma mapema, nikaandika, nikabonyeza, haikwenda. Namba za wavuvi zimo humo humo ndani, sizifikii. Nilizo nazo kwa simu yangu ni za wenyeviti wa fuo. Muhuru nimewapata. Wa Sindo simu imezimwa."

Mokua hakuuliza imezimwa kwa nini. Mwenyekiti wa ufuo wa Sindo alikuwa Msabato. Na ni yeye Mokua, alipohubiri kwenye makambi, mikutano ya Wasabato, huko Sindo mwaka uliopita, aliyewasifu kwa jina wale wanaozima simu jua la Ijumaa likitua.

"Mbona hukuniita, binti yangu?"

Liz alivaa kofia yake. "Nilikuwa hapo tangu wimbo. Uliniangalia, Mzee."

Mokua alipanda nyuma ya pikipiki na suti yake ya Sabato. Njiani alimkumbuka Mong'ina, binti yake, aliyeolewa Sindo na Frankline, mvuvi wa samaki wa mbuta. Alitaka kuomba simu ya Liz ampigie. Ndipo akagundua kwamba namba ya mwanawe mwenyewe haikai kichwani mwake. Ilikaa kwenye simu, na simu ilikuwa kwenye droo nyumbani, imezimwa kwa utukufu wa Bwana. Alijituliza kwamba Frankline ana macho, ataliona wingu. Lakini alipotazama upande wa ziwa, hakukuwa na wingu. Kulikuwa na anga jeupe, nyororo, lisilo na habari, na kando ya barabara wanawake walikuwa wameanika omena, dagaa wa ziwani, kana kwamba jua limewaapia.

Soja alikuwa kama Liz alivyosema. Mokua aliingiza ufunguo, akaandika neno la siri, akalikosea, akaandika tena. Taa nyekundu ikawa ya manjano, na ya manjano ikakawia mno kabla ya kuwa kijani. Liz akabonyeza. Ujumbe ukatoka. Na ulipokuwa ukitoka, bati moja la paa la jirani liliinuka, likapiga, likainuka tena, halafu dirisha la kituo likafunguka lenyewe, karatasi zote za mezani zikaruka.

Sasa namba zilionekana. Mokua aliitafuta ya Frankline, akaipiga kwa simu ya kituo. Iliita kidogo tu, akasema haloo.

"Baba?" Ilikuwa sauti ya Mong'ina. "Leo Sabato na unapiga simu?"

"Mume wako yuko wapi?"

"Ameenda kutega nyavu. Simu ameiacha kabatini, si unajua huwa hataki iloe. Aliitazama kwanza. Hakukuwa na meseji, akasema leo shwari." Upepo ulisikika nyuma yake ukisaga mabati. "Sasa hivi imelia, Baba. Nimeisoma. Inasema msitoke."

Mokua aliushika ukingo wa meza. Kituo chenyewe ndicho kilichowafundisha wavuvi hivyo. Mwanzoni walipokwenda ufuo kwa ufuo kuwaandikisha, Mokua alisimama mbele yao na kusema: tusipowaandikia, nendeni, Mungu yuko nanyi. Watu wakajifunza kukisoma kimya kama wanavyosoma maandishi. Kimya kilikuwa shwari.

"Baba, nifanye nini?"

"Kimbia ufuoni," alisema, akijua kwamba ufuoni hakuna cha kufanya isipokuwa kutazama.

Mashua nyingi za Sindo zilirudi siku hiyo, nyingine zikiwa zimejaa maji hadi kwenye mbao za kukalia. Ya Frankline ilionekana jua likishuka, imepinduka, na wenzake wamejishikiza mgongoni mwake kama watoto kwa mama. Walisema aliachia mkono akijaribu kuikamata injini. Walisema hivyo mara nyingi, kwa kila aliyeuliza.

Jumapili, saa ambazo kengele za misa hulia, Orina alitokea ufuoni na viatu vyake vya kanisani vimezama matopeni. Alimpa pole Filister, mama yake Frankline, akampa pole Mong'ina, halafu akaja akasimama kando ya Mokua. Walitazama maji. Ziwa lilikuwa limetulia, limelala bila hata kunawa mikono.

"Nimeandika ripoti," Orina alisema kwa Kiswahili, ingawa wakiwa wawili tu walizoea lugha ya mama. "Hatujui ni nani. Pengine ni mtoto wa mtu huko mbali, anajaribu vitasa tu. Nimeandika hakuna aliyeingia, hakuna kilichoibwa."

Mokua alimgeukia.

"Ndivyo fomu inavyouliza, ndugu yangu. Ungetaka niandike nini?"

"Leo ni Jumapili," Mokua alisema.

"Najua ni siku gani." Orina alitoa leso, akapangusa uso ambao haukuwa na jasho. "Twende tukazime."

Walikwenda wakazima. Liz aliwamiminia chai. Dawa ya Soja iliingia, taa zikacheza, kijani kikarudi, na chai ilikuwa bado haijapoa vya kutosha kunyweka.

"Ni hiyo tu?" Orina aliuliza.

"Ni hiyo tu."

Hakuna aliyegusa kikombe. Mokua alitaka kusema kwamba angeweza kuja Jumamosi yoyote kati ya zile. Kwamba kila Msabato anajua ni lini kazi huwa huruma isiyovunja Sabato, na angelijua hilo siku ya kwanza kama lingesemwa na kinywa kingine kisicho cha Orina. Haikuwa Sabato aliyokuwa akiilinda. Alikuwa akilinda kiti chake katika mabishano. Lakini alipomtazama mwenzake aliona midomo nayo ikitafuta neno, na akajua ni neno hilohilo, limevaa tu nguo za Jumapili. Wakaachana nalo.

Ziwa halikumrudisha Frankline. Wiki zilipopita, wazee wa ukoo walianza kutaja yago, lile tunda refu, zito kama mtoto, ambalo watu wa ziwani hulizika badala ya aliyemezwa na maji, ili kaburi lisibaki wazo tu. Filister alikubali. "Nam akichukua hadaiwi," alisema. Nam ndilo jina lao la ziwa, na alilitaja kama mtu amtajavyo jirani mwenye nguvu. Mong'ina alikataa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye hakuolewa na tunda.

Mokua alimkuta ameketi karibu na kabati. Simu ya Frankline ilikuwa juu ya kabati hilo, imechomekwa kwenye chaji.

"Baba, nikuulize. Yule mtu wa kutuma, siku ile alikuwa wapi?"

"Wa kutuma alikuwepo. Ni wa kufungua mlango ndiye hakuwepo."

"Alikuwa wapi?"

Nje kuku walikuwa wakiparuza mchanga. Mokua aliivua kofia yake na kuiweka gotini. Alikuwa na majibu mengi yaliyopangwa vizuri: kasoro ya kiwandani, wahuni wa mbali, kituo kisichozimwa. Yote yalikuwa kweli, na kila moja lilitosha kumfunika mtu mzima.

"Kanisani," alisema.

Mong'ina alimtazama, kisha akaitazama simu. Aliuchomoa waya, akaupangusa kwa kanga, akauchomeka upya, taratibu, kama mtu anayelaza kitoto. Hakusema kitu. Mokua, aliyewahi kuwaambia watu wakisome kimya, alikaa mbele ya hicho na hakuweza kukisoma.

Orina alipendekeza namba ya Frankline ifutwe kwenye mtambo. Mokua alisema atashughulikia, na hakushughulikia.

Sabato moja ya msimu wa mvua, Mzee Zablon akiwa katikati ya maombi, simu ililia kanisani. Ililia ndani ya koti la mzee wa kanisa. Vichwa viligeuka; Mzee Zablon akakatiza sentensi ambayo hajawahi kuikatiza. Mokua hakuizima. Alibaki amepiga magoti, mkono juu ya mfuko, akiisikia ikitetema mbavuni mwake. Liz alikuwa zamu. Upepo, alasiri. Msitoke. Muda uleule ujumbe huo ulikuwa ukiingia fuo zote, kutoka nyumba hadi nyumba, na ndani ya nyumba moja huko Sindo kioo cha simu kilikuwa kimewaka juu ya kabati, na mtu alikuwa ameinuka kwenda kukitazama.