Mkono Wenye Kelele

Nyumba ile ilijaa mwanga kama nyumba nyingine zinavyojaa maneno. Dirisha la sebuleni halikuwa na pazia zito, taa ya jikoni ilining'inia chini karibu na vichwa vya watu, na kioo kirefu kilisimama ukutani kuudaka mchana na kuurudisha katikati ya chumba. Haikuwa kwa ajili ya urembo. Mama mwenye nyumba alizaliwa kiziwi, na kwake giza lilikuwa kukatwa kauli. Taa ikizimika katikati ya habari, habari nayo huzimika, mikono ikabaki hewani ikipapasa.

"Washa, nikusikie," alizoea kusema kwa vidole vyake vyepesi, kila binti yake alipoanza kusimulia mambo ya kutwa akiwa bado kwenye kivuli cha mlango.

Washa, nikusikie.

Huyo binti alisema kwa mikono kabla ya kusema kwa kinywa. Angali mdogo wa kuvushwa barabara, ndiye aliyemwombea mama sukari dukani, ndiye aliyemweleza nesi homa ya mama imeanzia wapi. Alipokua, akaifanya kazi: mkalimani wa lugha ya alama katika hospitali kubwa. Kule hakuna aliyemwita kwa jina. "Mkalimani yuko wapi?" Basi, imetosha. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na jina la kumwitia, nalo lilikuwa ncha ya kidole ikigusa shavu, pale penye kishimo.

Na kazi ya mkalimani ndiyo hii: mgonjwa akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Mimi naumwa. Mimi naogopa. Mimi sitaki mume wangu ajue. Alisema mimi kutwa nzima, mimi na mimi na mimi, wala hapakuwa na mimi hata mmoja aliyekuwa yeye. Mikono yake ilikuwa mlango wa soko. Kila mtu alipita, hakuna aliyekaa.

Siku moja, akinawa kwenye sinki la wodini, akaitazama mikono hiyo. Haikuwa na pete, wala rangi ya kucha, wala bangili, kwa kuwa jicho la kiziwi hupotea haraka likipewa cha kuchezea. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wakalimani wapya: "Mkono wetu ni mtupu. Ukiuvisha kitu, umeuziba mdomo." Alijua. Hakuna aliyejua kumzidi. Lakini maji yakiwa yanachuruzika, aliuona mkono wake wa kulia kama chumba cha kupanga baada ya mpangaji kuhama, umefagiliwa, uko wazi, hauna hata msumari ukutani wa kuonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kuishi humo.

Akaenda kwa mchora tatuu, chumba cha nyuma ya duka la kinyozi.

"Ya kwanza hii?" mchoraji akauliza.

"Ya kwanza."

"Wenzako huanzia begani, shati likashuka, mambo yakaisha. Wewe unataka kuanzia machoni pa watu."

"Chora."

"Nachora, dada. Ila ukinirudia na machozi, mimi sina kifutio."

Ulikuwa mmea unaotambaa. Ulianzia kwenye kifundo cha mkono, ukapanda mgongo wa kiganja, ukagawanyika vikonyo vyembamba na majani meusi, kila kidole na tawi lake, hadi ukingoni mwa kucha. Sindano ililia kama nyuki aliyefungiwa kopo. Naye alikuwa akitabasamu, kwa sababu maumivu yale yalikuwa yake. Kwa mara ya kwanza palikuwa na "mimi naumwa" ambayo hakuazimwa na mtu.

Furaha hiyo haikufika nyumbani. Barabarani tu, bendeji ikimchoma, akaanza kuona macho ya mama.

"Umefanya nini?" mama akauliza.

"Birika," akajibu kwa mkono wa kushoto, akikokota ishara. "Mvuke."

Mama aliuchukua ule mkono uliofungwa, akauinua hadi kwenye midomo yake, akaupuliza, polepole, kama alivyokuwa akipuliza magoti ya binti yaliyochubuka utotoni.

Aibu ilianzia hapo, kwenye pumzi ile. Ilipita kwenye bendeji na kupoa juu ya ngozi, nayo ikauma kuliko sindano.

Kidonda kikapona. Bendeji ikatoka. Asubuhi ileile aliyoamka bila kificho ndiyo iliyokuwa zamu ya mama kwa daktari wa macho.

Kwa maana macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, kote kuwili. Mtu anayesikia kwa macho, ukungu ukimwingia machoni, ni dunia nzima inayoshusha sauti.

"Mwambie mama tutafanya jicho moja kwanza," daktari akasema. "Jingine baadaye. Aamue leo kama yuko tayari."

Binti akasema kwa mikono. Mama akakunja uso.

"Rudia."

Akarudia. Akapunguza kasi, akanyoosha kila kidole, akakunja kila kidole.

"Sogea dirishani. Washa, nikusikie."

Akasogea dirishani. Akavuta taa ya daktari, akaielekeza kwenye mkono wake mwenyewe. Mwanga ukaangukia majani yale, yakang'aa. Aliona macho ya mama yakitoka kwenye maneno na kuingia kwenye matawi, yakizunguka humo, yakishindwa kutoka.

"Vidole vyako vimekatika," mama akasema. "Sijui kipi kimekunjwa, kipi kimesimama. Mkono wako una kelele."

"Amesemaje?" daktari akauliza.

Mkalimani haruhusiwi kumeza neno. Neno la mgonjwa hutoka kama lilivyo, liwe tamu, liwe tusi. Akafungua kinywa.

"Mkono wako una kelele."

Daktari akautazama mkono wake uliokuwa juu ya meza, akauondoa kwenye kalamu. "Wangu?"

"Hapana, daktari," akasema. "Wangu."

Miaka yote ile chumbani mwa daktari, hilo ndilo neno la kwanza lililokuwa lake.

Mama akamgusa bega. "Niitie Ukuta."

Ukuta alikuwa mkalimani mwenzake, mtu mzima wa makamo. Viziwi ndio waliompa jina hilo, kwa shati lake la kijivu la kila siku na uso wake usiosogea. Alikuja, akaitazama mikono ya binti mara moja tu, akatazama pembeni kama mtu aliyefungua mlango na kumkuta mwenzake anavaa. Kisha akainua yake. Mitupu. Na mama, aliyekuwa amekunja uso muda wote, akaulegeza. Alielewa mara moja. Hata akacheka jambo fulani.

Binti akakaa kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa. Hakuwahi kukikalia. Kilikuwa cha chini kuliko alivyodhani. Akauweka mkono wa kulia pajani, akaufunika kwa mkoba, na mkoba akaufunika kwa mtandio.

Ndipo mama akauliza swali, na sauti nzito ya Ukuta ikalitoa, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mimi nikipofuka, binti yangu nitamsikia vipi?"

Binti hakuwahi kulisikia swali hilo. Lingepita wapi? Kila neno la mama kwa daktari lilipita kinywani mwake yeye, na hili halikuweza kupita humo. Mama alikuwa nalo siku nyingi, amelifungia kifuani, akingoja mkono wa mtu mwingine. Nao ulipopatikana, ulipatikana kwa sababu ya wino. Hapo hakujua tena aibu yake aiweke wapi: kwa kuziba njia, au kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa njia peke yake.

Daktari akajibu kwa upole kwamba hatapofuka. Mama akakubali upasuaji.

Wakitoka, Ukuta alimwambia taratibu, "Mama nitamshika mimi kwa sasa. Wewe tafuta glavu, zile nyepesi." Kisha, baada ya hatua kadhaa: "Umechorwa vizuri, lakini."

Hilo la mwisho ndilo lililomtoa machozi.

Jioni, chini ya taa ya jikoni, mama aliweka vikombe mezani, kisha birika. Akalielekeza kidole.

"Hili ndilo lililokuchora majani?"

Binti akainamisha kichwa.

"Liulize basi kama linaweza kunichora na mimi ua."

Mabega ya mama yalitikisika kwa kicheko, ya binti hayakutikisika. Alikunywa chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa chini ya meza, kama kitu kilichoibwa.

Jicho likapasuliwa. Siku bendeji ilipotolewa, mama alirudi nyumbani akasimama katikati ya sebule, akaitazama nyumba yake kama mgeni: vumbi juu ya kabati, ufa kwenye kioo, mvi zake mwenyewe. Halafu akanyoosha mkono, akaomba ule wa kulia.

Hapakuwa na mkoba wala mtandio. Binti akautoa.

Mama akaugeuza huku na huku. Alifuata kila tawi kwa ncha ya kidole, kutoka kifundoni hadi ukuchani, bila haraka, kama anayesoma barua ya mtu asiyemjua.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Lakini majani yote yanasema kwa pamoja. Wewe unasema nini?"

Binti akanyanyua mkono uleule kujibu, mama akaushusha. Akaulaza pajani. Akaugusa ule mwingine, wa kushoto.

"Sema kwa huu."

"Haujui kusema."

"Na ule ulikuwa haujui. Nani aliufundisha?"

Akaukamata mkono wa kushoto, akaufungua kidole kimoja kimoja, ukiwa mzito kama wa mtoto aliyeamshwa. Binti akajaribu. Kidole kilichotaka kifua kikaangukia begani.

"Tena," mama akasema.

Kikapata kifua. Mimi. Mimi nilitaka kitu changu. Ikatoka kombo, imegeuzwa, kama maandishi kwenye kioo, na machozi yakashuka juu yake. Mimi naona aibu. Mama akakinyoosha kidole gumba kilichopinda.

"Tena."

Kisha mama akainuka, akalisukuma pazia jepesi hadi mwisho wa fimbo yake, likajikunyata pembeni. Mwanga ukaingia wote, ukayapita majani meusi yaliyolala pajani bila kuyasemesha, ukatua kwenye mkono mtupu uliokuwa hewani ukigugumia, naye mama akarudi kukaa mbele yake, jicho moja jipya limefunguka wazi, akisubiri.