Krenki Katika Friza ya Pweza

Begi la Damaris lilikuwa limeshafungwa kwenye bodaboda, naye ameshapanda, alipomgeukia mumewe.

"Baba Maryanne, unakuja au huji?"

Gerishom alikuwa amechuchumaa barazani mwa nyumba yao ya kupanga, hapo Msambweni, mbele ya injini iliyopasuliwa vipande viwili. Walikuwa wamepatana kwamba leo atampeleka Mackinnon Road kwa pikipiki hiyo, ile ndefu ya kukimbizia vumbini, aliyoinunua Diani ikiwa imekufa. Damaris amepata kazi ya kuwapikia madereva wa malori. Wakaanze upya huko. Lakini krenki mpya, huo mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, ilikuwa bado kwenye friza ya jirani.

"Lazima ipoe," alisema. "Chuma cha baridi hunywea. Nikilipasha moto ganda la injini, inateremka yenyewe."

"Na nyundo hiyo ni ya nini?"

"Ya kuharibia."

"Nyumba yetu tunayojenga kule Waa nayo haina paa hadi leo. Mimi nimechoka kungoja. Nikifika peke yangu, nitazoea kukaa peke yangu."

Bodaboda ikaenda zake.

Gerishom akaitazama nyundo. Mapigo machache tu, na huenda angemkuta Ukunda. Injini ingenguruma vizuri tu. Krenki iliyopigwa haikuaibishi nyumbani; hukungoja mbele, porini kule Kinango, umeshampakia mtu. Akaukumbuka msingi wa Waa, alivyoumwaga kwa pupa katikati ya masika, ukapasuka. Damaris alidhani paa lilikosekana kwa uvivu, naye Gerishom hakuwahi kumwambia kuwa ilikuwa haraka.

Akaisukuma nyundo chini ya kitanda, akaenda kwa yule jirani mwenye friza, Mwanarusi, muuza pweza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua maiti yako? Wateja wananiuliza huyu ni samaki gani, hana macho."

Barazani, Gerishom aliliweka ganda juu ya jiko la makaa mpaka tone la maji likaruka juu yake. Akaileta krenki ndani ya kitambaa, ikitoa moshi wa baridi, akailenga kwenye beringi, pete ya chuma inayoishikilia, akaiachia. Ikazama hadi chini kwa mlio mmoja mdogo. Akaizungusha kwa kidole, haikukwama popote. Akainua macho amwonyeshe mtu, na baraza lilikuwa tupu.

Alifika Mackinnon Road kesho yake jioni. Damaris alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akiisikiliza injini kabla ya kumtazama mwenyewe.

"Haitetemeki," alisema.

"Haitetemeki. Mama Maryanne, nina neno juu ya ule msingi wa Waa."

"Kula kwanza."

Damaris bado anapika pale. Gerishom hutengeneza pikipiki kando ya barabara, na wateja humlalamikia kuwa anachelewa. Maryanne, binti yao, anafua mashuka katika hoteli moja Diani. Mwanarusi alinunua friza kubwa zaidi. Nyumba ya Waa ilibomolewa, ikachimbiwa msingi mwingine, paa bado.