Yadi ya Bi Mize

Jumanne moja ya mwezi wa Juni, mwaka 1969, Unguja, dakika chache kabla ya adhana ya adhuhuri, Bi Mize alimchapa Sichana mara tatu kiganjani kwa kosa la kusema kwamba kivuli cha mchana kinaelekea kusini. Kitabu kilisema kaskazini. Kilisema hivyo ukurasa wa kumi na mbili, chini ya picha ya mvulana wa Kizungu aliyevaa soksi ndefu. Kitabu kilitoka Uingereza, na kwa watu wa huko kilisema kweli.

"Haya, rudia," alisema Bi Mize.

"Kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini," alisema Sichana. Macho yake yalikuwa dirishani. Nje, juu ya saruji ya uwanja, kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimelala kusini, kimenyooka, hakina habari na ukurasa wa kumi na mbili.

Fimbo aliyochapiwa ilikuwa yadi ya kushonea, ya mbao, yenye alama za inchi. Bi Mize alikuwa nayo kwa sababu yeye alikuwa mwalimu wa kushona. Somo la sayansi aliletewa mwezi wa Februari, kama mtu anavyoletewa mtoto wa jirani amshike kidogo, mama yake anakuja. Aliyekuwa na somo hilo ni Mwalimu Nasser bin Turki. Nasser aliwatoa watoto uwanjani na kamba, akawafundisha kujua urefu wa mlingoti wa bendera kwa kupima kivuli chake, bila ya mtu kuupanda. Mtu mmoja aliyekuwa akipita njia alikwenda kusema kwamba Mwarabu anaipima bendera. Aliulizwa anaipima ya nini. Akasema, hajui, lakini mtu hapimi kitu asichotaka kukikata. Jumatatu yake ilikuja Landrova, kipindi cha pili, na Nasser akatoka nayo. Sandali zake zilibaki chini ya meza ya mwalimu.

Mkewe, Ruqaya, alikwenda kuuliza. Alijibiwa kwamba mumewe kasafiri.

"Kasafiri bila ya viatu?" aliuliza.

Aliambiwa kuna safari za namna hiyo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mwaka ule ilikuwa imetiwa lami.

Basi Bi Mize, yadi ingali mkononi, alitazama dirishani kule alikotazama Sichana, na pembeni ya kivuli cha mlingoti akaona kivuli cha pili. Kilikuwa cha mwanamme aliyesimama, kofia kichwani, bega moja limeshuka kidogo, vidole vya mkono wa kulia vimebana kitu chembamba kama chaki. Mtu mwenyewe hakuwapo. Ilikuwepo saruji na jua.

Darasa zima lilitoka kwenda kutazama. Watoto wa darasa la saba walikuwa arubaini na mmoja, na walipanga mstari pembezoni mwake kwa adabu, kwani mwalimu hakanyagwi.

"Shikamoo Mwalimu," walisema.

Kivuli kiliinua mkono. Kilikaa kama robo saa, kisha kikaondoka, na watoto wakaenda kula mihogo yao.

Mwalimu mkuu, Bwana Mjaka, alikuwa mtu wa tahadhari. Siku ya pili aliagiza ndoo mbili za maji na ufagio. Kivuli kilipofika kilimwagiwa maji, kikasuguliwa, kikarowa, hakikutoka. Bwana Mjaka akaandika barua kuuliza kama kivuli cha mwalimu aliyesafiri kinahesabiwa katika idadi ya wafanyakazi. Hakujibiwa, na mtu wa tahadhari asipojibiwa hulala vizuri.

Bi Mize hakulala vizuri. Kilichomkera si kivuli. Kivuli alikiamkia kila mchana kama alivyokuwa akimwamkia mwenyewe. Kilichomkera ni kusini. Bibi yake wa Fumba alikuwa hana saa; alikuwa akipima kivuli kwa nyayo uani ili ajue alasiri imeingia, na Mize alipokuwa mtoto ndiye aliyekuwa akitumwa: "Nenda katazame kivuli, mwanangu." Alikwenda mara elfu. Alijua tangu ana miaka sita kwamba wakati wa kipupwe jua linapita upande wa kaskazini na vivuli vinalala kusini, na kwamba wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Alilijua hilo kama alivyojua njia ya kisimani. Kisha akasoma, akapewa kitabu, na mambo ya kisimani akayaacha kisimani. Akafika mahali pa kumchapa mtoto wa watu kwa sababu ana macho.

Alikasirikia kitabu, akamkasirikia mvulana wa soksi, na alipowamaliza wote akajikasirikia mwenyewe, na hapo ndipo hasira ilipopata mahali pa kukaa.

Kesho yake, adhuhuri ikikaribia, alimwita Sichana mbele.

"Nyoosha mkono."

Sichana alinyoosha, amefumba macho. Bi Mize aliiweka yadi katika kile kiganja na kukifunga vidole.

"Nlikukosea," alisema mbele ya darasa. "Wewe ulitazama, mie sikutazama. Kuanzia leo yadi hii yako. Twende uwanjani, ukapime."

Sichana aliisimamisha yadi wima juu ya saruji. Kivuli chake kilikuwa inchi ishirini. Kivuli cha Mwalimu Nasser, wakati ule ule, kilikuwa inchi thelathini na nane. Bi Mize alitoa daftari la Nasser, lililobaki mezani pamoja na sandali, akalisoma tena pale palipomshinda tangu Februari: jua ni moja, kwa hivyo kivuli cha fimbo kinavyolingana na fimbo ndivyo kivuli cha mti kinavyolingana na mti. Alikuwa amewaandikisha watoto maneno hayo miezi minne bila ya kuyaelewa, kama mtu anayebeba mkoba wa mtu mwingine. Pale uwanjani, amechutama, buibui likiburuzika vumbini, yakamwingia. Yadi ni inchi thelathini na sita na inatoa ishirini. Basi kinachotoa thelathini na nane ni kirefu kiasi gani? Aliandika kwa chaki juu ya saruji. Jibu lilikuja futi tano na inchi nane.

Jioni alikwenda nyumbani kwa Ruqaya, akapokewa kwa kahawa isiyokuwa na kitu pembeni, maana mwaka ule vitu havikuwako.

"Mumeo ana urefu gani, Bi Ruqaya?"

Ruqaya alimwonesha mlango. Palikuwa na alama ya kalamu, waliyoitia siku ya harusi kwa mzaha. Bi Mize aliipima kwa utepe wake wa kushonea. Futi tano na inchi nane.

"Yu hai," alisema Bi Mize. "Anasimama, na wapo wanaomtoa juani mchana robo saa. Hakusafiri popote. Pasipo mtu hapana kivuli."

Ruqaya hakulia. "Kesho nnakuja," alisema.

Akawa anakuja kila siku ya skuli. Alikaa kwenye kizingiti cha saruji chini ya mlingoti, mkono wake juu ya saruji penye kivuli cha mkono, na akazungumza habari za nyumbani: paa linavuja, Shariffa kaota jino, foleni ya mchele leo ilifika mpaka kwenye kona. Kivuli kilikuwa kikitikisa kichwa mahali panapostahili. Siku moja alizitoa sandali chini ya meza ya mwalimu, akaziweka miguuni pa kivuli, na kivuli kikajaribu kuzivaa, kikashindwa, sote tunajua kwa nini.

Darasa lilichora jedwali ukutani: tarehe, kivuli cha yadi, kivuli cha Mwalimu, na pembeni urefu wake. Sichana alikuwa na hati nzuri, kwa hiyo aliandika yeye. Vivuli vyote vilikuwa vikifupika kadiri jua lilivyorudi kusini, na watoto walilitegemea hilo. Wasilolitegemea ni hesabu ya pembeni. Katikati ya Agosti yadi ilitoa inchi kumi na tatu na Mwalimu ishirini na mbili.

"Futi tano na inchi moja," alisema Sichana. "Bi Mize, Mwalimu kapungua."

"Rudia hesabu."

Alirudia. Ilikuwa sahihi. Mtu wa futi tano na inchi nane hapungui inchi saba kwa miezi miwili, isipokuwa mgongo wake hausimami tena. Kofia haikuwapo na vidole havikubana chaki. Mwezi wa Septemba hesabu ilitoa futi tatu na inchi tano, na hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba huo ni urefu wa mtu aliyekaa chini. Alipoamkiwa hakuinua mkono.

Bi Mize alivaa buibui lake akaenda ofisini, kule kule alikokwenda kuuliza Ruqaya. Alisema mtu anapigwa mahali fulani, na kwamba anao ushahidi wa inchi. Aliulizwa kipimo hicho kilifanywa kwa ruhusa ya nani. Aliporudi alipita sokoni akanunua chumvi tu, na njia nzima alikuwa akisema peke yake.

Ndipo ikaingia Oktoba, na siku ile ambayo jua linasimama sawasawa juu ya utosi. Adhuhuri ya siku hiyo yadi haikuwa na kivuli. Mlingoti haukuwa nacho, wala Bi Mize, wala watoto arubaini na mmoja. Sichana aliandika sifuri katika kila safu, na ya Mwalimu pia, na Bi Mize akawaambia wasiwe na hofu: leo kila mtu kakikanyaga kivuli chake mwenyewe, kesho na kesho kutwa vitatoka, ila vitatokea upande wa pili.

Vilitoka. Cha yadi kilitoka upande wa kaskazini, chembamba kama ukucha, na baada ya wiki kikawa inchi moja na nusu. Cha mlingoti kilitoka. Cha Ruqaya, aliyekaa kwenye kizingiti chake, kilitoka pia. Watoto walitafuta uwanja mzima, wakatafuta na chooni. Mwisho wa mwezi, chini ya jina la Mwalimu, Sichana aliacha kuandika sifuri. Aliandika "hakuna".

Ruqaya alilitazama neno lile. Alivua bangili zake moja moja, akazitia katika kanga, akaenda zake nyumbani kukaa eda. Ofisini walimwambia haina haja, mumewe kasafiri.

Mwezi wa Novemba ililetwa fomu. Kila mwalimu aliyehamishiwa somo jipya alitakiwa aeleze, kwa mistari isiyozidi kumi, maendeleo yake katika kulifahamu somo hilo. Bi Mize aliandika saba:

"Mwezi wa Februari nilikuwa sijui kitu na nilifundisha. Mwezi wa Juni nilimpiga mwanafunzi aliyekuwa anajua. Sasa nafahamu kwamba kivuli cha mchana Unguja huelekea kusini nusu ya mwaka na kaskazini nusu ya mwaka. Nafahamu kwamba kwa kivuli cha mtu utajua urefu wake. Nafahamu kwamba pasipo mtu hapana kivuli. Mwalimu Nasser hakusafiri. Alipungua kidogo kidogo, kisha hakuna."

Aliyekuja kuikagua alikuwa Bwana Pandu, mwenye suruali ya kunyooshwa na kalamu mbili mfukoni. Yeye na Bi Mize walisoma chuo kimoja cha Kurani Fumba, na nyumba zao zilitazamana. Aliisoma fomu akiwa amesimama. Kisha akatoa kalamu nyekundu, akakata mistari mitano ya mwisho, na juu yake akaandika kwa hati safi: Mwalimu anafahamu kuwa kivuli cha mchana huelekea kaskazini. Maendeleo mazuri sana.

"Nnakusitiri, Bi Mize," alisema kwa sauti ya chini. "Una watoto."

"Pandu, wewe na mie tulikuwa tukitumwa kutazama kivuli. Wewe unajua."

"Nnajua," alisema Bwana Pandu. "Kwani nani asiyejua?"

Hilo ndilo lililomchoma. Kama angekuwa mjinga angemfundisha. Kufundisha ndiyo kazi yake, na alikuwa ameshaiweza. Alitamani kumnyang'anya Sichana ile yadi, na haikuwa kwa kupimia.

Bwana Pandu alitoka uwanjani, darasa likamfuata. Ilikuwa adhuhuri. Alikinyooshea kidole kivuli cha mlingoti, kilichokuwa kimelala kaskazini barabara, kwa kuwa Novemba, Unguja, hulala kaskazini.

"Si mnaona?" aliwaambia watoto. "Kama kitabu kilivyosema."

Alisogea hatua tatu ili awaoneshe vizuri zaidi. Watoto arubaini na mmoja walivuta pumzi kwa pamoja.

"Bwana," alisema Sichana, "unamkanyaga Mwalimu."

Bwana Pandu aliinamisha macho. Chini ya viatu vyake palikuwa na saruji iliyosuguliwa sana, mahali pa ukubwa wa mtu, ambapo tangu Juni hakuna mguu uliokuwa umepita.

"Hakuna mtu hapa," alisema.

"Naam," alisema Bi Mize. "Ndivyo tulivyoandika."

Bwana Pandu aliitazama kalamu yake nyekundu, akairudisha mfukoni, akasema gari linamngoja. Juu ya boneti alipiga saini ya kumthibitisha Bi Mize kuwa mwalimu wa sayansi. Kengele ikalia. Watoto wakaenda kula, wakipita pembeni.