Mwaliko wa Wifi

Fundi cherehani alipoalikwa na wifi yake wakatembelee kisiwa, jambo la kwanza alilofanya ni kumuuliza mumewe, "Dada yako anaumwa, au amenichimbia shimo?"

Mumewe alicheka. Yeye hakucheka. Tangu aolewe, wifi huyo, aliyekuwa mkuu wa jiko la hospitali, hakuwahi kumpa neno zuri. Akija kuwatembelea hupitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akaguna. Ndiyo maana watoto walimwita Inspekta. Leo mtu huyo huyo anataka waende wawili tu, wakaone kobe wakubwa, kima na wasuka mikeka? Hapana, kuna namna.

Akaenda hata hivyo, macho kodo.

Kwenye nyumba ya wageni, shuka la Inspekta lilikuwa na doa la chai kubwa kama sahani. Akalilalia bila kusema kitu. Fundi nusura adondoshe begi. Mtu aliyewahi kurudisha kikombe msibani eti kina ufa!

Asubuhi, walipoingia msituni na mwongoza watalii, mambo yalizidi. Inspekta alikataa katakata kutangulia. Alimfuata fundi unyounyo, akikanyaga pale pale alipokanyaga yeye, na kwenye mteremko akamshika upindo wa gauni. "Huyu atanisukuma," fundi akawaza, akaanza kutembea ubavuubavu kama kaa. Kima wakarukaruka juu ya miti. "Wale pale!" mwongozaji akaonyesha. Inspekta akageukia upande mwingine kabisa, akasema, "Wazuri sana."

Kwa wasuka mikeka ikawa yale yale. Inspekta aliinua mkeka, akaupapasa.

"Wifi, rangi hii ungeiitaje?"

"Si zambarau?"

"Zambarau gani?"

"Ya bilinganya lililoanza kuchoka."

Inspekta akatabasamu peke yake. Fundi akajiona yuko kwenye mtihani ambao hajui somo lake. Muda si muda akamkuta wifi yake ananong'ona na mwongozaji, na yule bwana akamtupia fundi jicho la haraka, akatikisa kichwa. Hapo subira ikamwisha.

Walipobaki wawili kwenye ua wa kobe, akamgeukia. "Wifi, mimi si mtoto. Umenileta huku kunifanya nini? Kama mnamtafutia kaka yako mke mwingine, sema."

Inspekta aliinamisha kichwa, akatega sikio. Kobe mmoja, mgongo mpana kama meza, alikuwa akitafuna majani karibu na miguu yao.

"Huyo anayetafuna yuko wapi?"

"Si huyo mbele yako!"

"Namsikia. Simwoni. Nikikaza macho napata kivuli tu, na daktari amesema hata hicho kitaondoka."

Fundi hakuamini. Akainua mkono polepole, akaupunga mbele ya uso wa wifi yake. Macho hayakupepesa. Akaushusha mkono, aibu imemjaa hadi shingoni.

"Nilimwomba mwongozaji asitupitishe kwenye mawe," Inspekta akaendelea. "Kaka yangu hajui. Angejua angenibeba kama yai. Wewe una jicho la vitambaa, halafu hunipendi. Nikasema, huyu ataniambia kilichopo, hataniongezea sukari."

"Nani kakwambia sikupendi?"

"Wifi, tusidanganyane. Kobe wanasikia."

Kicheko kikamponyoka fundi, na machozi yakaja nyuma yake. Akachuchumaa, akauchukua mkono wa Inspekta, akauweka juu ya gamba.

"Ni kijivu, kama jivu la jana. Kwenye mifereji kuna kahawia, na ukungu kidogo. Shingo imejikunja kama soksi iliyokufa mpira. Jicho lake jeusi, linatutazama kama tumemwibia."

"Endelea."

Akaendelea mpaka kobe mwenyewe akachoka, akaondoka zake.

"Nitakuwa nakueleza," fundi akasema walipoinuka, "ila kaka yako ataambiwa. Utamwambia wewe mwenyewe."

"Atalia."

"Na alie."

Jioni, kwenye baraza ya nyumba ya wageni, mbele ya mti uliojaa popo, fundi alibonyeza namba, akampa Inspekta simu. Kaka alilia kweli, hata majirani wa baraza wakageuka. Inspekta akaiweka simu mbali na sikio, akangoja. Kilio kilipopungua akamwambia anyamaze kwanza, kwa kuwa mkewe alikuwa hajamaliza kumweleza dada mtu jinsi popo wanavyojinyoosha mtini.