Kilo Arobaini za Kituo

Kijitabu kilichochapishwa Ulaya kilisema kilo arobaini kwa kila shamba la majaribio. Feruzi, mpimaji wa kituo cha mpunga ng'ambo ya mto Tshopo, alikuwa amepanda mara tatu mbegu ileile, udongo uleule, na hajavuka ishirini na mbili. Mpunga haukuona haya hata kidogo.

"Muzungu alipata arobaini," alisema Hubert, aliyerithi kiti cha mkurugenzi Wabelgiji walipoondoka. "Wewe ishirini. Donc basi, ugonjwa iko kwa mikono yako, Papa Feruzi. Na musimu ujao lori inapeleka mbegu Bafwasende."

Kule watu wangetupa mbegu zao za zamani, wakasubiri arobaini. Hilo ndilo lililomnyima Feruzi hamu ya kula.

Akamwendea Mama Marthe, aliyevuna mashamba yale enzi za Wabelgiji. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Papa, miaka yote haukujua? Wenye kapu nyepesi walikuwa wananyimwa chumvi. Basi tulikuwa tunajazia na mupunga ya kwetu. Na wewe kwa mizani, unaandika tu, unatusifu: 'Leo mumefanya vizuri!'"

Feruzi hakucheka. Mwandiko wa arobaini ulikuwa wake.

Safari hii mavuno yalipimwa mbele ya watu wawili, kila mmoja na daftari lake. Mbegu nyingine akampa mkulima wa Yanonge, bila kumwambia kituo kinatarajia kilo ngapi. Kituo kikatoa ishirini, Yanonge ishirini na moja. Hubert akasoma, akazuia lori.

Mwaka huohuo, sitini na nne, mwezi wa nane, waasi wakaingia mjini wakisaka watu wa karatasi, makarani na wasomi. Hubert walimchukua, hakurudi. Feruzi akatia madaftari yote mawili motoni, chini ya sufuria ya pondu, majani ya muhogo, ili apone. Pondu iliiva vizuri.

Vita ilipotulia akaja mtaalamu mpya, kijitabu kilekile kwapani. Feruzi akamwambia arobaini ile si ya kweli.

"Ushahidi wako uko wapi?"

"Daftari ziliungua. Imebaki Mama Marthe."

Mtaalamu akatabasamu kwa adabu. Kesho yake lori likaondoka kwenda Bafwasende, limejaa mbegu.

Feruzi akachukua jembe, akaanza mstari wa kwanza wa shamba jipya la majaribio. Mama Marthe akamfuata na kapu lake.

"Papa, wakati wa kuvuna, tunajazia ao tunaacha?"

"Tunaacha, Mama. Na wewe utasimama kwa mizani, unichunge."