Bia ya Watawa

Mwaka ule ambao mwamba wa Waitara ulikubali kutema dhahabu, nusu ya wanaume wa Nyarero waligundua kwamba walikuwa ndugu zake tangu zamani. Walimletea kuku. Walimletea pole za misiba ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuisahau. Waitara aliwapokea wote, akala kuku wote, na hakuna aliyepata shimo la kuchimba.

Wengine waliopata dhahabu miaka ile ya tisini walifanya mambo ya kawaida: walinunua pikapu, wakaoa mke wa pili, wakapindua pikapu, wakaachwa na mke wa pili, kisha wakarudi machimboni na sururu begani kama vile hakuna kilichotokea. Waitara hakutaka mambo ya kawaida. Mnunuzi wake wa dhahabu, Mbelgiji mmoja mwembamba aliyekuwa akija Tarime na mzani mdogo kwenye mkoba, alikuwa amemwambia siku moja wakiagana, "Uje ututembelee." Kwa Mbelgiji hayo yalikuwa maneno ya adabu tu. Waitara alikwenda kutafuta pasipoti.

Mkewe, Agustina, ndiye aliyemlisha miaka yote ambayo mwamba ulikuwa haujakubali. Alipika pombe ya ulezi, amarwa kama tunavyoiita kwetu, ile inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, watu wakiwa wamekizunguka. Wachimbaji walitoka mashimoni weupe kwa vumbi kama waliochovywa kwenye unga, wakakaa kwenye chungu cha Agustina, wakaondoka wakiwa watu tena. Pombe hiyo iliezeka nyumba yao, ikamsomesha binti yao Boke, na ikamfukuzisha Agustina kwenye uenyekiti wa kina mama wa kigango, kanisa letu dogo la kijijini.

Aliyemfukuza ni katekista wetu, Mwalimu Simioni, mtu mwenye suti moja na uhakika mwingi. Alisimama Jumapili moja akatangaza kwamba mama anayepika pombe hawezi kuwaongoza kina mama wa Mungu. Wazee wa kamati waliopiga kura ya kumwondoa walikuwa bado wananuka chungu chake cha jana, lakini mikono waliinyoosha vizuri sana. Agustina hakubisha. Alikwenda nyumbani, akavua kitenge cha sare, akakifua, akakirudisha kikiwa kimekunjwa.

Kilichomuuma kilikuja baadaye. Mama yake mzazi alipofariki kule Kenyamonta, kina mama wa kigango hawakwenda kuimba. Kwa mwenzao huwa wanakwenda. Kwa mpika pombe, walisema, watamwombea wakiwa majumbani. Yule bibi akazikwa kwa sauti za mashangazi wachache waliokauka koo kwa kulia, na Agustina akarudi Nyarero akaendelea kukaanga kimea chake bila kumsema mtu.

Basi Waitara akapanda ndege. Mbelgiji alipomwona mlangoni kwake "alifurahi mpaka akakosa maneno," kwa mujibu wa Waitara, na sisi tulimwamini. Kukosa maneno huko kulimpeleka msafiri wetu mbali: rafiki wa Mbelgiji alimchukua Ujerumani, akapelekwa Prague, akaishia Dublin. Kote huko, katika nchi zilizojaa treni, hospitali na viwanda, alichunguza jambo moja. Aliporudi alikuwa na begi la glasi alizozifunga kwa soksi, na nyuma yake zikaja kreti za bia kwa meli hadi Mombasa, zikavuka mpaka wa Sirari kwa njia ambazo hakuna aliyeuliza.

Tulikusanyika uani kwake kusikia habari za dunia. Akatupa habari za povu.

"Mura, kijana wangu, unamimina bia huku umeinamisha glasi?" alimwuliza jirani yake Mwikwabe, aliyekuwa akijimiminia Tusker kwa uangalifu mkubwa ili lisitoke hata tone la povu. "Povu ndilo blanketi la bia. Linalinda harufu."

"Harufu siinywi," Mwikwabe akajibu.

Waitara alitabasamu kama padri anayemsamehe mtoto. Akatueleza kwamba Ujerumani bia inaletwa kwenye glasi kubwa kama ndoo ya kukamulia maziwa, na watu wazima wanasimama juu ya mabenchi wakiimba ingawa hakuna aliyeoa. Prague, alisema, bia ni rahisi kuliko maji, ndiyo maana hakuonja maji. Dublin kuna bia nyeusi ambayo ukishaagiza unaisubiri itulie.

"Unaisubiri?" Mwikwabe akauliza. "Umeshaiagiza, iko mbele yako, halafu unaisubiri?"

"Ndiyo ustaarabu wenyewe."

"Kumbe hata sisi tunaosubiri gari la Mugumu wakati wa mvua ni wastaarabu."

Lakini mwisho wa elimu yote, alisema Waitara, ni Ubelgiji. Kule kila bia ina glasi yake. Ukiiweka bia kwenye glasi isiyo yake ni kama umemvalisha bwana harusi gauni. Tukamwuliza inakuwaje kama glasi imevunjika. Akasema basi bia hiyo hainywewi siku hiyo. Hapo ndipo tulipojua kwamba Ulaya wana shida kubwa kuliko zetu.

Kwa Ashiraf, mfanyabiashara wa Tarime mjini, alinunua friji la mafuta ya taa. Ashiraf alimfungia vizuri kwenye pikapu (hata Waitara mwishowe alikuwa amenunua moja), akamwonyesha namna ya kukata utambi, na alipoambiwa friji ni la kazi gani akacheka. "Mimi sinywi, mzee wangu," alisema, "lakini friji halina dini." Friji likawekwa sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kila jioni Waitara akaketi kando yake, akinusa, akizungusha glasi, akiinua bia juani kuangalia rangi. Wageni walipewa kidogo kidogo. Ukimaliza haraka ulionekana mshamba. Ukisema ni chungu uliambiwa uchungu huo una jina.

Kisha akageukia chungu cha mkewe.

"Mama Boke, hii shughuli sasa basi," alimwambia mbele yetu. "Watu wazima mnachovya mirija kwenye chungu kimoja kama ndama kwenye beseni. Haina povu, haina rangi, ina makapi. Mimi nimeona dunia. Nitaitwaje, mume wa mpika pombe?"

"Umeitwa hivyo miaka yote," Agustina akasema. "Na ulikuwa unashiba."

Tuliokuwa pale tuliona jinsi alivyokishika chungu. Kanisa lilimfukuza kwa sababu pombe yake ilikuwa dhambi. Sasa mumewe anamkataza kwa sababu haikuwa bia ya kutosha. Mbingu na Ulaya zilikuwa zimekubaliana, na zilikubaliana juu yake.

Siku chache baadaye Mwalimu Simioni alifika kukumbushia bati ambazo Waitara aliahidi kwa ajili ya kanisa la kigango. Ilikuwa mchana, jua kali, na ametembea kutoka Susuni na ile suti yake. Agustina alimkaribisha kiti na kurudi jikoni, ambako mlango ulikuwa wazi na kila neno lilisikika.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mwalimu, una kiu," Waitara akasema, mkono tayari kwenye friji.

"Maji tu, mzee. Unajua msimamo wangu."

"Msimamo wako nauheshimu. Ndiyo maana nakupa hii." Akatoa chupa nene, fupi, yenye jasho la baridi. "Hii imepikwa na watawa."

Simioni alicheka. Halafu akaiona karatasi iliyobandikwa kwenye chupa: mtu mwenye kanzu na kofia ya kitawa, ameinamisha kichwa, nyuma yake kanisa na msalaba juu. Akaacha kucheka. Akavaa miwani.

"Watawa wa dini gani?"

"Wakatoliki, Mwalimu! Nimefika mwenyewe. Wanaamka alfajiri, wanasali, wanaimba kwa Kilatini, halafu wanakwenda kukoroga pipa. Wakimaliza wanarudi kusali. Nilisali nao."

"Ulisali nao?"

"Nilikuwa nasubiri wafungue."

Mwalimu Simioni aliishika ile chupa kwa mikono yote miwili. Alisema kwamba, kama kiongozi, ana wajibu wa kuchunguza jambo kabla ya kulitolea kauli. Waitara akaleta glasi yake halisi, yenye mguu kama kalisi ya padri. Mwalimu akachunguza. Alipomaliza kuchunguza ya kwanza aliona kuna upande wa jambo hajauelewa, akaomba nyingine.

Hapo ndipo Agustina alipotoka jikoni, mikono bado ina unga wa ulezi. Akapiga goti kidogo, kwa heshima, akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Samahani, Mwalimu. Hao watawa wanapokea komunyo?"

"Ah, mama! Kila siku."

"Na wengine wao ni mapadri, wanasoma misa?"

"Bila shaka."

"Na pombe wanapika."

Simioni akaangalia glasi. Povu lilikuwa limebaki kwenye sharubu. "Hii ni bia, Agustina. Ni tofauti. Hii ina… ina msalaba."

"Na mimi nikichora msalaba kwenye chungu?"

Waitara alianza kueleza tofauti ya hamira za Ubelgiji, lakini mkewe hakumgeukia. Alichukua ile chupa tupu, akaipangusa kwa kanga, akaondoka nayo. Mwalimu Simioni alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Bati alizisahau.

Padri wa parokia alikuwa akifika kigangoni kwetu mara chache, barabara ikiruhusu. Alipofika Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Agustina alisimama mbele ya wote. Hatukuwahi kumsikia akisema kanisani tangu alipoondolewa. Akaiweka chupa juu ya meza ya matangazo, picha ikiwatazama watu.

"Baba, naomba unisomee hii," alisema. "Halafu uniambie mimi na huyu nani ametenda dhambi zaidi."

Padri akasoma, akatabasamu, akasema anawafahamu watawa wa namna hiyo na ni watu wema sana. Akauliza kwa nini. Agustina akamweleza. Padri akageuka kumtazama Mwalimu Simioni, Mwalimu akatazama kamati, na kamati nzima ikatazama paa, ambalo halikuwa na bati bado, kwa hiyo walikuwa wakitazama mbingu moja kwa moja.

"Mimi sikuambiwa habari hii," padri akasema taratibu. "Ulevi ni dhambi. Mchimba dhahabu akilewa ni dhambi, mzee wa kamati akilewa ni dhambi. Lakini kupika ulezi? Mama, rudi kwenye kiti chako."

Kina mama wakapiga vigelegele, hasa wale walionyamaza zamani. Agustina akasubiri waishe.

"Kiti sikitaki," akasema. "Jumamosi nina kimea cha kukaanga. Mpeni mwingine. Mimi mama yangu alizikwa bila wimbo. Hicho ndicho ninachodai."

Vigelegele havikurudi. Mama mmoja wa benchi la mbele akajifunika uso kwa kitenge. Mwalimu Simioni, na hapa lazima nimpe haki yake, alisimama bila kusukumwa na mtu.

"Mimi ndiye niliyewaambia wasiende," alisema. "Nilidhani nalinda kanisa. Agustina, nisamehe. Nitakwenda Kenyamonta mwenyewe."

Tulikwenda wengi, kina mama kwenye pikapu ya Waitara, sisi wengine nyuma kwa lori la kubeba mawe. Waitara aliendesha mwenyewe, tai shingoni, kama anayempeleka balozi. Njia nzima kina mama walikuwa wakifanya mazoezi, na mpaka tunavuka kuingia wilaya ya Serengeti walikuwa wamekubaliana sauti.

Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, limeota nyasi. Kina mama wakasafisha, wakapanga mawe upya, wakaimba. Mwalimu Simioni alianzisha wimbo, na kusema kweli, ana sauti mbaya, lakini siku ile hakuna aliyetamani nzuri zaidi. Agustina alikaa chini, miguu ameinyoosha, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Waitara alimsogelea na leso ya Ulaya. Agustina akaikataa. Waitara akasogea tena bila leso, akakaa tu kwenye vumbi kando yake na suruali yake ya Brussels, na hapo mkewe hakumfukuza.

Baada ya sala kaka zake Agustina wakatoa chungu, kama inavyotakiwa kwa wageni waliotoka mbali, na mirija ikagawiwa. Mwalimu Simioni akakaribishwa, akakaa, akavuta bila kuuliza ni uchunguzi au ni kiu. Waitara alisita. Tulimwona akitafuta kwa macho glasi ambayo haipo. Mwishowe akainama, akavuta, akafumba macho, na sisi sote tukajiandaa kwa hotuba.

"Ina uchachu," akasema. "Brussels kuna moja kama hii. Wanafungua madirisha usiku, upepo unaichachusha. Ni ya wakubwa tu. Wanaileta kwenye glasi ndefu, na wanakuangalia usoni kuona kama umeielewa."

"Na wewe ulielewa?" Agustina akauliza.

"Nilisema nimeelewa."

Agustina akacheka, macho bado mekundu, akamsukuma kidogo begani ili yeye mwenyewe apate nafasi ya kuufikia mrija wake.